Chuma, Mpira na Hewa: Kuitia Bei Pikipiki Iliyolala Butembo

Funga mlango wa depo, tia kufuli, uondoke miaka ishirini. Hakuna mkono wa mtu utakaogusa kilichomo, lakini kazi ya Muumba humo ndani haitasimama hata usiku mmoja. Hewa itapenya chini ya mlango. Unyevu utapanda ukutani alfajiri na kukauka adhuhuri. Nyigu atajenga, panya atazaa. Kwa hiyo anayekwenda kununua pikipiki ya zamani ya mbio iliyolazwa muda mrefu hakuti kitu kilichosimama. Anakuta kazi iliyoendelea kwa miaka, na kuitia bei pikipiki hiyo ni kuisoma kazi hiyo kwa makini na kwa heshima.

Butembo, mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya vilima vya zaidi ya mita 1,700, penye ukungu wa asubuhi na mvua za mara kwa mara, kilomita chache kaskazini mwa ikweta. Beni, mwendo wa kilomita hamsini na kitu kutoka hapo, iko chini zaidi, kwenye joto la mashamba ya kakao na ukingo wa msitu mkubwa. Katika miji yote miwili, motari, yule dereva wa pikipiki ya kukodi, na TVS au Boxer yake hubeba abiria, magunia, vitanda na wagonjwa. Tuseme basi kwamba nyuma ya magunia ya kahawa, chini ya turubai, imelala Mjapani wa zama nyingine: Yamaha RD 350, iliyoanza kuuzwa mwaka 1973, injini ya mipigo miwili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 347, au Honda CB 750 ya mwaka 1969, yenye silinda nne na breki ya diski mbele. Mashine kama hizi zinatafutwa na wapenzi wake dunia nzima. Je, hii ni ya bei gani?

Anza na chuma. Mwangaza wa tochi ukipita juu ya fremu, spoki na nguzo za shokapu za mbele, utaona wekundu. Huo ni chuma kikiungana na oksijeni mbele ya maji. Sasa toka nje utazame barabara. Udongo mwekundu wa vilima vya Butembo una rangi ile ile kwa sababu ile ile: ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni tangu zamani zisizohesabika. Binadamu hukichimba chuma, hukitenga na oksijeni kwa moto mkali wa tanuri, hukinyoosha kiwe fremu na spoki; kisha dunia, bila haraka na bila kelele, hudai mali yake. Mnunuzi mwenye busara hutafuta kujua dai hilo limefika wapi. Kutu ya juu juu hufutika. Vishimo kwenye nguzo za shokapu, pale sili zinapoteleza, ni gharama, maana vitazikata sili mpya. Nayo kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndiyo maana hushika boliti na kubana ringi za pistoni ndani ya silinda. Hivyo usipige kiki kwa nguvu ili kumfurahisha muuzaji. Fungua plagi, tia matone ya oili, ngoja, kisha ingiza gia na uzungushe gurudumu la nyuma taratibu. Ikizunguka, mshukuru Mungu. Isipozunguka, punguza bei.

Karibu na chuma hicho kuna aluminiamu, na hapo akili husimama. Nayo huungana na oksijeni, tena upesi zaidi kuliko chuma. Lakini utando unaozaliwa hung'ang'ania juu yake na kuziba njia, hewa isipite tena. Oksijeni ile ile inayokila chuma huishonea aluminiamu vazi la kuilinda. Kwa hiyo kasha la injini lenye ukungu wa kijivu lisikutishe kama nguzo yenye vishimo. Metali mbili, hewa moja, sheria mbili. Na aliyeziweka hakukosea hata moja.

Kisha shika mpira. Tairi huandikwa ubavuni wiki na mwaka wa kutengenezwa: tarakimu nne tangu mwaka 2000, tatu kabla ya hapo. Hata kama meno yake yote yamo, tairi la miaka ishirini halifai kubeba roho ya mtu. Mpira wa asili ni utomvu wa mmea. Charles Goodyear aliugundua mwaka 1839 uwezo wa salfa na joto kuuimarisha, na John Boyd Dunlop akaujaza upepo mwaka 1888. Kongo inaijua bei ya utomvu huo kuliko nchi nyingi: chini ya Mfalme Leopold wa Pili watu walikatwa mikono na vijiji vilichomwa kwa ajili yake. Anayeugusa mpira mkavu uliopasuka anagusa kitu ambacho mmea ulikitoa bure na ambacho binadamu alikitoza damu. Kwenye RD, mpira ulio hatari zaidi hauonekani: ni sili mbili za pembeni mwa krenki. Zikikauka, hewa hupenya mahali pasipotakiwa, petroli hupungua kwenye mchanganyiko, pistoni hupata joto mno na kukwama. Pikipiki inaweza kuwaka vizuri siku ya kuuziwa, ikafa siku ya tatu. Ndiyo sababu mlio mzuri haupandishi bei ya injini ambayo haijafunguliwa.

Fungua tangi, unuse. Petroli mpya ina harufu kali. Iliyolala hunuka vanishi. Petroli hutokana na viumbe wadogo wa majini waliozikwa na kupikwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka. Hata Bonde la Ufa la eneo hili lilihifadhi mafuta kama hayo, na mwaka 2006 yaligunduliwa upande wa Uganda, karibu na Ziwa Albert. Kilichohitaji mamilioni ya miaka kutengenezwa huharibika katika misimu michache: sehemu nyepesi hupaa, nzito huganda kuwa gundi na kuziba vitundu vya kabureta. RD ina kabureta mbili, CB 750 ina nne. Zidisha kazi ya fundi ipasavyo. Tangi lililopakwa rangi juzi lichunguze zaidi kuliko lililofifia. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imepauka, ni ushahidi. Rangi mpya inaweza kuwa pazia.

Kisha kuna hewa yenyewe. Juu ya vilima vya Butembo, kanieneo yake ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Kabureta iliyopangwa kwa pwani itamimina petroli kupita kiasi, plagi itaota masizi, na nguvu itapungua. Huo si ugonjwa, ni kimo cha mlima. Lakini mtazame abiria anayetoka Mombasa. Atahema siku chache, halafu mwili wake, bila fundi na bila bisibisi, utaongeza chembe nyekundu za damu mpaka azoee. Na chembe hizo hubeba oksijeni kwa chuma. Mtu mzima ana gramu tatu au nne tu za chuma mwilini, na kila siku chuma hicho hukutana na oksijeni, huishika, huiachilia, wala hakioti kutu. Kile tunachoshindwa kukizuia kwenye fremu, Muumba amekitawala ndani ya kifua cha motari.

Ukishasoma hayo, hesabu. Nchi hii haina sababu ya kuogopa hesabu: mwaka 1950, huko Ishango, Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wa miaka ipatayo 20,000 wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu, na wataalamu wengi huiona kuwa alama za kuhesabu. Anza na bei ya pikipiki ya aina hiyo iliyo nzima. Toa pistoni, ringi, sili, tairi, breki, cheni, na nyaya ambazo panya wamezitafuna. Toa safari ya vipuri, kwa kuwa pistoni ya Boxer utaipata mjini ila ya RD itapita Kampala na mpaka wa Kasindi, na forodha italipwa. Toa kazi ya fundi, kisha fungu la yasiyoonekana. Vifuniko vya pembeni, ekzosi na saa za asili zikikosekana, toa zaidi, maana ringi hununuliwa lakini vitu hivyo huwindwa. Kilichobaki ndicho kilele cha bei yako. Yesu mwenyewe alimtaja mjenzi wa mnara aketiye kwanza kuhesabu gharama.

Tazama pia karatasi: karte roze, yaani hati ya usajili, na hati ya forodha, ambayo kwa mashine ya zamani huenda ikawa na jina la OFIDA, idara ya forodha iliyotangulia DGDA ya sasa. Linganisha nambari za fremu na injini. Kwenye Yamaha za wakati ule hulingana, kwenye Honda hazilingani, na hilo si kosa. Halafu uliza kwa upole kwa nini ililazwa. Tangu mwaka 2014 mauaji yamezihamisha familia nyingi za Beni, na Ebola ikapita miji yote miwili kuanzia 2018. Huenda anayeuza ni mjane anayehitaji karo kesho asubuhi. Hapo umhesabie kutu yote kwa haki, lakini shida yake usiitoe kwenye bei. Mwonyeshe hesabu mbele ya wanawe na wazee wa familia, umweleze thamani ya mashine ambayo huenda haijui, kisha ulipe. Muumba ameipima kila chembe ya chuma hicho bila kupunja. Anayemstaajabia anapaswa naye kupima hivyo.