Kufuli Lililohama na Mlango

Kisa hiki ni cha kutunga, ila tabia ya programu zinazotajwa ni ya kweli.

Duka moja kubwa lilitunza kumbukumbu zake zote za mauzo kwenye Snowflake, ghala la data la kukodi kwenye wingu. Timu yake haikuunda vitu kwa kubofyabofya. Kila hifadhidata na kila ruhusa viliandikwa kwenye msimbo wa Terraform. Msimbo husema nini kinatakiwa kiwepo, programu hiyo inalinganisha na vilivyopo, kisha inamaliza tofauti. Kwenye hifadhidata ya mauzo walikuwa wameongeza `prevent_destroy`, kufuli la kuzuia isifutwe, wakalala usingizi mnono.

Ijumaa asubuhi, kijana mmoja akaamua kusafisha msimbo. Hifadhidata ile ilikuwa na lebo "db1". Yeye akaona "mauzo" inaeleweka zaidi. Jina lenyewe kule Snowflake hakuligusa.

Terraform ikamwonyesha mpango: kimoja kuongezwa, kimoja kufutwa. Akasita. Si kuna kufuli? Akaandika `yes`.

Terraform yenyewe haina namna ya kujua kuwa lebo imebadilishwa tu, isipoambiwa. Inachoona ni kwamba db1 haimo tena kwenye msimbo, basi ifutwe. Na mauzo ni mgeni, basi aundwe. Kufuli nalo lilikuwa limeandikwa ndani ya maelezo ya hifadhidata yenyewe. Maelezo yalipochukua lebo mpya, kufuli likaenda nayo, db1 ikabaki bila mlinzi. Nyaraka za Terraform zinalisema hili waziwazi, katika aya ambayo ni rahisi kuiruka.

Kabla ya saa sita mhasibu akapiga simu. "Kaka, mbona ripoti zote zinasema majedwali hayapo?"

Simu hiyo ndiyo iliyowaokoa. Snowflake hutunza kilichofutwa kwa siku 1 kama hakuna aliyebadilisha muda huo. Toleo la Enterprise huruhusu hadi siku 90. Wangegundua Jumatatu, ingebidi wawaangukie wahudumu wa Snowflake, ambao wana siku 7 zaidi za kujaribu kurejesha, bila ahadi yoyote. Kijana akaandika `UNDROP DATABASE`. Snowflake ikakataa: jina lile lilikwisha kuchukuliwa na hifadhidata tupu iliyoundwa asubuhi ileile. Ikabidi ile tupu ipewe jina jingine kwanza, ndipo ya zamani ikarudi na majedwali yake.

Dawa ilikuwepo tangu toleo la 1.1 la Terraform, la mwaka 2021. Ni kipande kiitwacho `moved`, chenye mistari miwili: ilikuwa wapi, sasa iko wapi. Kingewekwa, mpango ungeonyesha hakuna cha kuongeza wala cha kufuta. Siku hizi kwenye timu ile mpango wowote unaotaja kufuta husimama mpaka mtu wa pili ausome na kuuidhinisha. Muda wa kutunza nao wameupandisha hadi siku 7. Gharama ya nafasi imeongezeka, na mhasibu ameipitisha bila swali.