Mwizi wa Sinema, Kibaka wa Sokoni

Hivi umewahi kumshangilia mwizi? Mimi nimemshangilia, ndani ya banda la video hapa Lulindi, tulipoangalia Nairobi Half Life, filamu ya Kenya ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Tosh Gitonga. Steringi ni Mwas, kijana wa kijijini anayetamani uigizaji. Anaingia Nairobi, siku hiyohiyo anaporwa, halafu yeye aliyeibiwa ndiye anayetupwa mahabusu. Marafiki anaowapata huko kazi yao ni kung'oa vipuri vya magari ya watu. Banda zima tulikuwa upande wake. Polisi walipowaua wenzake, jamaa mmoja nyuma yangu akasonya kwa uchungu.

Wiki hiyohiyo akakamatwa kibaka wa simu sokoni. Yule aliyesonya nilimwona ameshika gongo. Nami sikumzuia.

Sasa tofauti iko wapi? Wengine watasema sinema ni mchezo tu. Sikubali. Mwas tulionyeshwa kwao, tukamwona mama yake, tukajua nani ananunua vipuri vya wizi. Huyu wa sokoni hatukumwuliza hata jina. Sisemi aliyeibiwa anyamaze. Pengine aliuza korosho za msimu mzima kuinunua simu ile. Lakini walalahoi wawili wakipigana, tajiri anayenunua simu za wizi anakula kwa raha zake.

Riwaya yangu nimeianzia kwa kijana yule, asubuhi, kabla hajaiona simu. Nimekwama ukurasa wa kwanza: jina lake silijui.