Moshi na Moto

Je, mtu apendaye chombo cha kale ana deni lolote kwa watu waliokitumikia? Swali hili laweza kuonekana geni likiulizwa na mkazi wa Mugumu, mji usio na reli, ambao msafiri wake wa zamani alipotaka kupanda garimoshi ilimbidi kwanza ateremke hadi Musoma, kisha avuke ziwa mpaka Mwanza, ambako reli ya kutoka Tabora ilifika mwaka 1928. Lakini sisi tukaao ukingoni mwa Serengeti, ikiwa garimoshi hatulijui sana, kamera twaijua. Watu hutoka pande zote za dunia kuja kupiga picha katika nchi yetu. Kwa hiyo swali la haki ya picha si geni mlangoni petu, na garimoshi la kale latusaidia kuliona vizuri zaidi, kwa kuwa chuma hakina aibu wala hasira ya kutupoteza katika kufikiri.

Ndugu msomaji, wako watu wengi duniani walipendao garimoshi la mvuke kama wengine wapendavyo farasi au jahazi. Mwaka 1951, huko Wales, watu wa kujitolea waliichukua reli ndogo ya Talyllyn iliyokuwa karibu kufa, wakaanza kuiendesha wenyewe. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo. Injini za mvuke zilipoondolewa katika kazi za kawaida za reli ya taifa ya Uingereza mwaka 1968, reli za namna hii zikazidi kuongezeka. Tuziite reli za kumbukumbu. Katika reli hizo huwekwa siku maalumu za picha. Wapiga picha hulipa ada, hujipanga kando ya njia tangu alfajiri, nayo treni hupita mbele yao, hurudishwa nyuma, kisha hupita tena kwa kishindo, mpaka kila mmoja apate picha yake. Na kitu wakitakacho kuliko vyote ni moshi: moshi mwingi, mzito, mweusi, uliojikunja juu ya injini kama wingu la masika.

Kwetu Afrika Mashariki mahali pa kuonea injini hizo ni Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko zimehifadhiwa injini mbili kati ya 34 za daraja la 59, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katika miaka ya 1955 na 1956 kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 252 na urefu unaozidi mita 30. Hazikupata kutokea injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda katika reli ya upana wa mita moja. Kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu yake.

Nilipata kupitisha siku nzima mahali hapo nikiwa na kamera. Kilichonishika zaidi si ukubwa wa magurudumu, bali majina. Injini za daraja la 59 zilipewa majina ya milima, nazo mbili zilizobaki Nairobi zote zina majina ya milima ya Tanzania: Gelai, ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena, kilele cha Upare. Karibu nazo ipo injini ndogo zaidi, namba 3020, yenye jina la Nyaturu, maana injini za jamii yake zilipewa majina ya makabila. Basi mlima ulipewa heshima ya bati la jina, na kabila likapewa. Lakini mtu aliyesimama usiku kucha mbele ya tanuri, uso ukiungua na mgongo ukipigwa na baridi ya nyanda za juu, jina lake halikuwamo katika bati lile.

Siku hiyo alikuwapo mzee mmoja aliyewaleta wajukuu wake. Nilimwamkia, naye alipoona ninavyohangaika na kamera akaniuliza natafuta nini. Nilimjibu kwamba laiti injini ingekuwa na moto, picha ingependeza kwa moshi. Akacheka. Akasema, "Kijana wangu, mimi nilikuwa mchochea moto. Moshi mweusi ulikuwa aibu yetu. Ukitoa moshi mweusi, dereva anakutazama vibaya, maana unayamwaga mafuta hewani." Kisha akanieleza kwamba mchochezi hodari alipima mafuta mazito na hewa kwa jicho na sikio, hata bomba likatoa ukungu mwepesi tu, ilhali mvuke umejaa.

Maneno hayo yanastahili kufikiriwa. Wahenga walisema, panapofuka moshi pana moto. Mpiga picha huuchukua moshi, akauacha moto. Tena huuagiza moshi ambao mwenye moto aliuonea haya. Kosa la kazi limegeuzwa kuwa uzuri wa kazi, na ustadi wenyewe, kwa kuwa hauonekani, umesahauliwa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote hayatuhusu, kwa maana garimoshi lilikuwa chombo cha mkoloni, na heri chuma chake kiyeyushwe. Ni kweli kwamba reli haikujengwa kwa kutuonea huruma. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilitumia vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Reli ya Kati, iliyoanzishwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilijengwa kwa jasho la watu wetu. Lakini reli ile ile iliyochukua mazao yetu ilichukua pia habari zetu. Mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam mwaka 1947 ulienea bara kwa kufuata reli hiyo hiyo. Chuma kimoja kimebeba dhuluma na kimebeba mwamko. Tukikiyeyusha kwa sababu ya lile la kwanza, tutakuwa tumelifuta na la pili.

Wapo pia watakaosema kwamba picha ni sanaa, na sanaa haidaiwi majina. Mimi ni mtunga mashairi, siwezi kuudharau uzuri. Uzuri si dhambi. Aidha, ada ya wapiga picha ndiyo inayonunua mafuta na kutengeneza bwela. Bila moshi wa maonyesho huenda injini nyingi zingekuwa kutu. Hoja hii ni nzito, na haifai kuirukia. Hata hivyo, kipo kipimo kinachoweza kutuongoza: picha ina haki pale ambapo mtu aliyeifanya kazi ile, akiitazama, angeweza kusema, "Naam, ndivyo tulivyokuwa." Ikiwa hawezi kusema hivyo, basi na aambiwe mtazamaji wazi kwamba huu ni moshi wa maonyesho. Mchezo si uongo mpaka unapoficha kwamba ni mchezo.

Kipimo hicho ninakirudisha nyumbani. Tuseme mgeni anafika Mugumu, anamkuta mpigaji wa litungu wa Kikurya. Anaombwa aupunguze wimbo wa saa nzima uwe wa dakika tatu, avue saa mkononi, avue viatu, ili picha ionekane ya kale. Mpigaji anapata ujira wake, nami simnyimi. Watoto wake hawali utamaduni. Lakini picha ile itakwenda duniani ikisema kwamba mtu huyu hana saa, na kwamba wimbo wake ni mfupi. Huo nao ni moshi mweusi ulioagizwa. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, hakuiunda ili tuwe mapambo ya macho ya wengine, bali tujijue wenyewe.

Basi yatupasa kufanya nini? Jambo ni dogo nalo liko ndani ya uwezo wetu: kuuliza jina. Mwalimu akiwapeleka wanafunzi kutazama chombo cha kale, wamtafute aliyekitumia, waandike alivyokitumia. Ofisa utamaduni akihifadhi picha, nyuma yake aandike aliyeonekana na kazi aliyoifanya, si mahali na tarehe peke yake. Wala tusingoje. Injini za mvuke zimekwisha kazi, na wachochezi wake ni wazee. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, nayo imekuwa na wazee wake. Tangu 2024 treni ya umeme hukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma bila moshi wowote, na iko siku wajukuu wetu wataipiga picha kama kitu cha kale. Nami namalizia kwa ubeti huu:

Picha nzuri nimeona, moshi wapanda mbinguni,
Chuma kimepewa jina, limechorwa ubavuni,
Aliyechochea sana, hatajwi, yu kivulini,
Mpiga picha uliza, moto aliwasha nani?