Uvumilivu na Ukimya

Katika sifa zote ambazo wazee wetu walipenda kuwarithisha watoto wao, hapana iliyotukuzwa kama uvumilivu. Mvumilivu hula mbivu, twaambiwa, na mtoto husikia neno hilo kabla hajajua ladha ya tunda lenyewe. Sina nia ya kuuondoa uvumilivu katika kiti chake. Nia yangu ni kuuliza swali moja tu: je, kila anyamazaye anavumilia? Maana ikiwa uvumilivu na ukimya ni vitu viwili mbalimbali, nasi tumekuwa tukiwafunza vijana cha pili kwa jina la cha kwanza, basi tumekosa jambo kubwa katika malezi, na kutenda kwa nia njema hakulipunguzi kosa hilo.

Swali la namna hii halijibiki hewani. Lahitaji ardhi ya kusimamia. Ardhi niliyoichagua ni Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, ambamo mvua ikichelewa mwezi mmoja nyumba nzima hubadili sura. Huko kazi ya kijana huanza mapema. Mvulana huijua fimbo ya kuchungia kabla ya kalamu, na msichana huujua uzito wa ndoo kabla ya uzito wa kitabu. Mahali kama hapo uvumilivu si pambo la tabia. Ni chombo cha kazi kama jembe. Kwa hiyo mtu atakayeuhoji yampasa aseme kwa adabu.

Tuchukue mfano wa kijana, si mtu fulani bali mtu yeyote. Ukame umeua mifugo ya baba yake. Yeye yu kidato cha nne, na mtihani u karibu. Usiku hapati usingizi, chakula hakimpiti, na maneno ya mwalimu humwingia sikio moja yakatokea la pili. Mwalimu humwita mvivu. Baba humwita legelege. Wenzake husema ana maringo kwa kuwa hacheki nao. Amepata majina matatu, wala hakuna moja lililo jina la maradhi yake. Naye, kwa kuwa hana neno jingine, huishia kuyasadiki majina hayo na kunyamaza. Hapo ndipo watu humsifu: kijana huyu mtulivu, mvumilivu.

Kijana huyo hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika kila watu 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya akili ya namna fulani, na kwamba mengi kati ya hayo hayatambuliwi wala hayatibiwi. Kwa kadiri hiyo, katika darasa la wanafunzi 70 wapo kama 10. Msomaji na akumbuke darasa alilosomea, kisha ajiulize kama aliwajua 10 hao. Mficha maradhi, husema wahenga, kifo humfichua. Lakini methali hiyo humlaumu mgonjwa peke yake, na haisemi neno juu ya nyumba ambamo hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mzee wa Kisukuma aweza kunijibu hivi: “Mwanangu, sisi tulilelewa kwa ukali na hatukuvunjika.” Jibu hili lastahili heshima, nalo lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo si ule mzee aukusudiao. Malezi ya kale ya Usukuma hayakuwa malezi ya ukimya. Palikuwa na shikome, moto wa jioni katika mji wa mtu, ambapo wavulana walikaa na baba zao na babu zao baada ya kazi, wakasikia habari, vitendawili na maonyo, nao wakaulizwa ya siku yao. Palikuwa na vyama vya vijana vya kulimiana mashamba chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, ambamo mmoja hakuweza kutoweka bila kutafutwa. Palikuwa, na pangali na ngoma: Bagika na Bagalu wakishindana baada ya mavuno, na wigashe, ambayo huimbwa watu wameketi ili maneno yasikike, na maneno hayo mara nyingi ni ya shida za maisha. Basi mzee hakuvumilia peke yake. Alivumilia katikati ya watu, na ndiyo sababu hakuvunjika. Kilichobaki leo ni ule ukali, na ule moto umezimika.

Hata hivyo, nisingependa kuifanya zamani kuwa pepo. Shikome palikuwa mahali pa wanaume, na moto ule haukumulika kila huzuni. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 nchi ya Usukuma ilipata sifa mbaya kwa mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi, wengine kwa kuwa tu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulitoka katika moshi wa jikoni wa miaka mingi. Sababu za mauaji yale ni nyingi, na tamaa ya mali ni mojawapo. Lakini mojawapo pia ni hii: mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa, na moyo wenye uchungu haukufunzwa kusema “nina huzuni, nina hofu.” Uchungu usiopewa jina lake hutafuta mtu wa kubebeshwa. Kwa hiyo kumfunza kijana kuutambua uchungu wake si anasa ya watu wa mijini. Mara nyingine ni kuuokoa uhai wa jirani.

Na msichana je? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliona kuwa jambo hilo ni kinyume cha Katiba. Hukumu hizo zimesema mengi juu ya usawa, nami naongeza neno dogo la malezi. Msichana aliyefunzwa tangu utoto kwamba mtoto mwema hajibu, siku ng'ombe wa mahari wakiingia zizini ukimya wake huhesabiwa kuwa ridhaa. Tulimfunza kunyamaza tukauita unyamavu huo adabu, kisha tukautumia kama sahihi yake.

Shule, ambayo ingaliweza kuwa shikome jipya lenye nafasi ya wavulana na wasichana, imepewa mzigo mwingine. Simiyu ilijulikana nchini kwa kambi za kitaaluma, hasa katika miaka ya Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, ambamo wanafunzi walikusanywa wakae pamoja wajiandae kwa mitihani. Nausifu moyo huo, kwa kuwa mkoa mchanga ulikataa kuwa wa nyuma. Lakini kuwakusanya vijana usiku na mchana ni nafasi adimu, nasi twapaswa kuuliza kama katika saa zote hizo za hesabu ilikuwapo hata saa moja ya kuulizana hali. Tena mwalimu mlezi, ambaye kijana huambiwa amfungulie moyo, aghalabu ni yule yule awezaye kukabidhiwa fimbo. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka mwisho wa viboko 4. Hazikuweza kuweka mwisho wa hofu. Ni vigumu moyo kufunguka mbele ya mkono ulioinuliwa jana.

Yawezekana mtu akasema: hayo yote ni kazi ya madaktari, na madaktari hatuna; Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, mbali na Bariadi. Ni kweli kwamba yako maradhi yasiyotaka ila daktari. Lakini si yote. Mwaka 2005 daktari wa maradhi ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua, ambaye jamaa zake walikosa nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka uliofuata, mjini Harare, alianza kuwafunza bibi 14 wa mitaani kuketi na wagonjwa katika benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kupanga shida zao na kuchagua moja ya kuanza nayo. Bibi hao hawakusema kwa lugha ya vitabu. Walitumia neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, kama sisi tusemavyo kuwa fulani ana mawazo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 573 katika zahanati 24, lilionyesha kwamba walioketi na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nchini Kenya, vijana waliotoka shule karibuni walifunzwa kuongoza wadogo zao katika vikao 4 tu, chini ya mpango uliopewa jina la Kiswahili, Shamiri. Na jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lenye wanafunzi 413, lilikuta huzuni na wasiwasi vimepungua. Bibi na ndugu wakubwa hawaadimiki Bariadi.

Sisemi kwamba maneno hunyesha mvua. Aliyefiwa na ng'ombe ahitaji ng'ombe, na serikali isitumie faraja kulipa deni la haki. Nasema tu kwamba akili iliyolemewa haioni njia hata ikiwapo, na kwamba anayesikilizwa hupata tena nguvu ya kuitafuta. Huyo ndiye mvumilivu wa kweli: aujua mzigo wake kwa jina, amemwonyesha mwenziwe, kisha ameubeba. Anyamazaye kwa kukosa msikilizaji havumilii, ameachwa.

Ikiwa ndivyo, basi tumeanza malezi ya uvumilivu kwa mtu asiyestahili kuwa wa kwanza. Twamdai kijana avumilie uchungu wake, hali sisi watu wazima hatuvumilii hata kuusikia. Humkatiza kwa methali, kwa mawaidha, au kwa habari za taabu zetu za zamani. Yule mzee aliyesema kwamba hakuvunjika anao utajiri wa kumpa mjukuu wake. Na awashe moto jioni moja, amkalishe mvulana upande mmoja na msichana upande wa pili, awaulize siku yao ilikuwaje, kisha anyamaze yeye.