Mzigo wa Mtu Mrefu

Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliitwa wa pili siku ya kuteua wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Hakuna Mtanzania aliyemtangulia humo. Memphis Grizzlies walimtaka kwa urefu wake, futi 7 na inchi 3, na kwa umahiri aliouonesha Chuo Kikuu cha Connecticut wa kuzuia mipira ya wapinzani. Nyuma yake waliitwa James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Februari 2010 alishushwa kwa muda ligi ndogo. Mwaka 2014 akaicheza NBA kwa mara ya mwisho. Ukubwa ni jaa: fahari ya mashabiki ikageuka uchungu, na uchungu ukageuka kejeli. Urefu wote ule, wakasema, bure!

Je, aliyejaaliwa ana deni kwa wanaomtazama?

Swali hili laweza kupimwa katika njia ya zamani ya misafara, ile itokayo Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi hakubeba mzigo kwa sababu tu ana mabega mapana. Alibeba kwa mapatano. Ujira wake, wa nguo au shanga, ulitajwa. Mzigo, aghalabu wa frasila 2, yaani kilo 32 hivi, aliweza kuupima kwa mikono yake na kuuteta akiuona mzito. Wenye nguvu zaidi walijitwisha pembe za ndovu, na kuona fahari. Aliyeutupa mzigo porini alilaumiwa kwa haki, kwani aliupokea kwa hiari.

Lakini njia hiyo hiyo ilikanyagwa na wengine, waliokwenda na minyororo shingoni. Hao hawakuulizwa neno. Mwili wao peke yake ulikuwa hoja: una nguvu, basi beba.

Shabiki asemaye kwamba mwenye kimo kile alipaswa kumletea ubingwa, amesimama upande gani wa njia? Neno ni zito, na hapana anayedai kwamba kejeli ya barazani ni sawa na mnyororo. Walakini hoja ni ile ile: kuutazama mwili wa mtu na kuusomea humo wajibu ambao mwenyewe hakuutia mkono. Memphis walilipa mshahara, nao walikuwa na haki ya kudai jitihada. Shabiki wa Dar es Salaam au Unguja alitamani tu, na kutamani si kulipa.

Tena, kimo si ufundi. Thabeet aliushika mchezo akiwa na umri wa miaka 15 hivi, ilhali wengi wa washindani wake waliulelewa tangu utotoni. Curry, ambaye wengi walimwona mwembamba mno, aliingia bila kutwikwa matumaini ya taifa, akatwaa ubingwa mara nne: 2015, 2017, 2018 na 2022. Wanaomsimanga Thabeet kwa jina la Curry husahau kwamba siku ile ya Juni wao pia wangemchagua mrefu.

Baadaye Thabeet alicheza Japani, kisha Taiwan, mbali na macho ya waliomdai.