Je, Kusafiri kwa Kutazama Tu ni Ufujaji?



Jumapili moja ya mwaka 2023, baada ya Ibada, mzee mmoja wa parokia yetu alitusimamisha mlangoni pa kanisa akatuuliza, "Walimu, nasikia mlikuwa Mbeya. Mlikwenda kumzika nani?" Tukamjibu kwamba hatukuzika mtu. "Basi kuna mgonjwa?" Hapana. "Harusi?" Hapana. Tulikwenda kwa treni, tukalala Mbeya siku mbili, tukarudi kwa treni. Shabaha yetu ilikuwa kuitazama nchi, basi. Mzee akatikisa kichwa. "Kumbe pensheni ni nyingi," akasema, akaenda zake akicheka.

Yeye alicheka, lakini neno lake lilibaki nasi. Kwetu safari ina sababu zake zinazojulikana: msiba, ugonjwa, harusi, kazi, biashara, masomo. Mtu akisafiri nje ya hizo, watu husema ama ana fedha za kuchezea, ama kuna jambo analificha. Wahenga nao walisema mtembezi hula miguu yake. Je, ni haki Mkristo mwenye kipato kidogo, ambaye jirani yake hana sare ya kumpeleka mtoto shule, atumie nauli na siku zake kwa ajili ya macho yake tu? Tumelifikiri swali hili kwa muda mrefu. Tumeona afadhali tuliandike hapa jarida lilisomwe nyumbani, kuliko kujibizana mlangoni pa kanisa.

Sisi tunaoandika ni wastaafu watatu tuliosoma pamoja chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Reli ya TAZARA ilijengwa tukiwa watoto wa shule ya msingi. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Walimu wetu walituchorea ubaoni: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Walitueleza jinsi Zambia, nchi isiyo na bahari, ilivyobanwa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia utawala wao mwaka 1965, na jinsi nchi za Magharibi zilivyokataa kugharamia reli zikisema haina faida, mpaka China ikatoa mkopo usio na riba. Nasi tulipokuwa walimu tukawachorea wengine mstari ule ule kwa zaidi ya miaka 30. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupita kule juu, kati ya Mlimba na Makambako, ambako tuliwafundisha watoto kwamba ndiko kulikokuwa na kazi ngumu kuliko kote. Tulifundisha tusichokiona. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya safari yetu, na hatuionei haya.

Tuliondoka Dar es Salaam alasiri, daraja la pili, chumba cha vitanda sita. Kabla ya jua kuzama tulikuwa tumeingia katika pori ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Selous, na tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Twiga watatu walisimama wakatutazama bila kukimbia. Swala walikuwa wengi. Chumba kizima kilihamia dirishani, na mzee mmoja tuliyesafiri naye akasema amelipa nauli ya kwenda Mbeya lakini kwake safari imekwisha lipa. Usiku tukapita Ifakara, na hapo akaingia mfanyabiashara mmoja wa mchele, mtu wa maneno machache.

Alfajiri, katika stesheni moja ndogo baada ya Mlimba, ndipo lilipotokea jambo linalotufanya tuandike.

Watoto na akina mama walikuja mbio chini ya madirisha na beseni vichwani: ndizi, mihogo, mayai, chai. Binti mmoja alituinulia chana mbili za ndizi mbivu. Alitaka shilingi 3,000. Sisi tukamwambia 2,500. Tulikwisha kuzishika ndizi mkononi, nasi tukiendelea kubishana naye, huku tukicheka, kama ilivyo desturi ya dirishani. Basi treni ikapiga honi ikaanza kwenda. Binti akakimbia sambamba na behewa, mkono juu. Sisi tukapapasa mifuko, tukakuta noti, tukaitupa. Upepo wa treni ukaichukua ukaipeleka kulee chini ya magurudumu. Tulimwona amesimama mwisho wa jukwaa, halafu kona ikamficha.

Ndizi zilikuwa tamu, na utamu wake ndio uliotukera zaidi.

Mara baada ya hapo yakaanza mandhari yale tuliyoyafuata. Reli inaacha bonde la Kilombero na kupanda zaidi ya mita 1,000 kwenda Makambako. Treni ilikwenda polepole, ikijipinda hata tukaona kichwa chake mbele yetu kama cha treni nyingine. Tuliingia handakini, tukatoka, tukavuka daraja, tukaingia handaki jingine. Tulipita daraja la Mto Mpanga, nguzo zake ndefu zimezama bondeni, na ukungu uko chini yetu badala ya juu. Mmoja wetu alihesabu mahandaki akiandika daftarini. Mwingine alinyamaza kabisa, naye si mtu wa kunyamaza.

Yule mfanyabiashara wa mchele akatuuliza, "Walimu, yule mtoto wa ndizi alivaa nguo ya rangi gani?" Tukatazamana. Wa kwanza alisema buluu. Wa pili alisema kanga. Wa tatu hakukumbuka kitu. Mtu yule hakuongeza neno. Alijifunika shuka akalala.

Hapo ndipo tulipoona kwamba swali la mzee wetu, "Mlikwenda kumzika nani?", halikugusa kiini. Tuanze na hilo lake.

Kwanza, furaha ya kutazama si dhambi, wala si mali ya matajiri peke yao. Katika kitabu cha Mwanzo Mungu mwenyewe aliitazama kazi yake akaona ni njema, kabla mtu hajapata faida yoyote kwayo. Siku ya kupumzika iliamriwa kwa mtumwa pia, na kwa punda. Kama tukisema mtu wa kipato kidogo asitoke nyumbani ila kwa msiba na ugonjwa, tunakuwa tumemgawia machozi tu katika safari zake zote, na kumwachia mgeni wa mbali, anayekuja na kamera, furaha ya nchi ambayo si yake. Hilo hatulikubali. Mtoto wa Tanzania ana haki ya kuijua milima yake hata kama haendi kununua kitu huko.

Pili, kuna hoja ya fedha. Ni kweli nauli ile ingeweza kununua sare. Lakini hoja hiyo, ikisukumwa mpaka mwisho, inakataza hata maua ya Pasaka na keki ya ubatizo. Tuonavyo sisi, mtu ajiulize kama ametimiza wajibu wake kwanza, na kama safari yake inamfanya awe mwepesi zaidi wa kutoa au mgumu zaidi. Kila mmoja ajipime mwenyewe. Sisi watatu tulikuwa tumeweka akiba kwa miaka miwili, na hatukumnyima mtu wa nyumbani chochote.

Lakini tatu, na hili ndilo zito. Wahenga walisema macho hayana pazia, yaani hakuna awezaye kumkataza mtu kutazama. Ni kweli. Tena ni rahisi mno. Aliye dirishani anapita, anayetazamwa anabaki. Mwinuko uliotufurahisha sisi ndio unaomchosha mama mwenye mzigo wa kuni. Yale mabonde yasiyo na barabara, tuliyoyaita mazuri, ndiyo yaliyofanya wagonjwa wa vijiji vile wamngojee treni kwa miaka mingi, maana reli ndiyo ilikuwa barabara yao. Wengine wao walihamishiwa kando ya reli katika miaka ya 1970, pamoja na mambo mengine ili wailinde. Na yale mahandaki tuliyoyahesabu kama watoto yalichimbwa na watu. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi ile, na wapo waliokufa. Wachina peke yao waliokufa walizidi 60, na makaburi ya baadhi yao yako Gongo la Mboto, ambako wengi wetu tumepita mara nyingi bila kugeuza shingo.

Je, basi mtu aone haya kufurahi? Hatusemi hivyo. Mjenzi wa reli hakuijenga ili sisi tupite tumeinamisha vichwa. Lakini twasema kwamba anayefurahia kitu ana deni kwa yule aliyekilipia. Kutazama ni kazi ya jicho peke yake, nayo haina gharama. Kuona kunahitaji mtu mzima, pamoja na mfuko wake. Sisi tulikuwa tumefunga safari ili kuona, na kitu cha kwanza kilichotujia karibu kiasi cha kugusana mikono hatukukiona. Tulikuwa tunashindania shilingi 500.

Tulipokuwa tunarudi, treni ilisimama katika stesheni ile ile usiku. Tulishuka sote watatu, noti mkononi, tukawauliza wauzaji juu ya binti wa ndizi. "Yupi?" wakasema. "Hapa wote wanauza ndizi." Tukaulizwa urefu wake, umri wake, kama ni mweupe au mweusi, kama ana kovu. Sisi tuliokuwa na idadi ya mahandaki daftarini hatukuwa na jibu. Mwisho mama mmoja mtu mzima, muuza chai, akasema, "Ni yule ambaye siku ile alirudi analia. Ni mtoto wa jirani yangu. Nipeni, nitamfikishia." Tukampa shilingi 3,000, bei aliyoitaja binti tangu mwanzo, na kidogo zaidi. Hatujui kama zilifika. Tunaamini zilifika, lakini kuamini kwetu hakufuti machozi yake ya siku ile.

Kisha yule mama akatuuliza tulikuwa tunakwenda wapi hasa. Tukasita, maana tulikwisha kuulizwa swali lile kwa namna nyingine. Tukasema, "Kutembea tu, mama. Kutazama nchi." Tulidhani atatucheka. Badala yake akasogea karibu na taa yake, akasema, "Miaka yote hii nauzia treni chai. Sijapita Makambako ila mara moja, kupeleka mgonjwa, tena usiku. Hebu niambieni, huko mbele kukoje mchana?" Tukamweleza juu ya ukungu ulio chini ya daraja. Akasikiliza mpaka honi ikapigwa. Safari hii tulikuwa tumekwisha kulipa chai.

Ndugu wasomaji, mama huyo hakutuona wafujaji. Alitamani kile tulichokipata. Wala hatukupata neno la kumjibu, ila tulirudi na wazo hili, nasi tunaliweka mbele ya parokia. Wako wazee katika kanisa letu, wake kwa waume, ambao katika maisha yao yote hawajasafiri ila kwa kilio. Akina mama wa Umoja wanajua majina yao kuliko sisi. Yafaa siku moja tuchange, tena si kwa fedha ya masikini wala ya paa, tuwapandishe wachache treni mchana, wakae dirishani, waone. Na tukubaliane kanuni mbili kabla ya kuondoka: anayenunua kitu alipe kwanza ndipo apokee, na hakuna kupunguziana bei na mtoto.

Tulimsomea mzee wetu maneno haya kabla ya kuyapeleka kwa mhariri, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyaanzisha. Alisikiliza amefumba macho. Tulipomaliza alisema bado anaona kwamba sare ya mtoto inatangulia, nasi hatukubishana naye, maana ni kweli. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na hao twiga, mtu akae dirisha la upande gani?"