Uongo wa Chai ya Rangi

Mwaka jana mwenye nyumba moja ya wageni, kwenye barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, aliniagiza shedi kumi na mbili za taa. Shedi ni ile kofia ya kitambaa inayovalishwa taa ya mezani. Alitaka za mtindo wa enzi za Malkia Victoria: kiuno chembamba, pindo lililopanuka kama gauni la bibi harusi, matamvua yakining'inia pande zote. Tena alitaka zionekane kuukuu. "Zikae kama zimerithiwa," alisema.

Hilo halikunisumbua. Unachemsha chai ya rangi, nzito, unaiacha ipoe, unachovya kitambaa cheupe na kukianika kivulini. Kikikauka kimeshazeeka miaka mia. Nilipeleka nne za kwanza, nikalipwa shilingi 2,500 kwa kila moja, nikaenda zangu. Niliporudi na nne za pili nilikuta kando ya kila taa kumesimamishwa kikadi. Kwa Kiingereza safi kilisema kwamba shedi hii ilitoka katika nyumba ya mlowezi wa Kizungu na imehifadhiwa tangu 1912.

1912! Ile shedi ilikuwa na wiki tatu.

Nilicheka, nakiri. Ningeweza kuendelea kucheka hadi leo kama si msichana aliyekuwa akifanya usafi pale. Alikuwa akipangusa vumbi kwenye matamvua kwa ncha za vidole, mtu ungedhani anagusa mtoto mchanga. Akaniona nimesimama na boksi langu, akanikaribisha, tukaongea kidogo. Kwao ni upande wa Mwatate, na mamake husuka vikapu vya mkonge. Kisha akanionyesha shedi: "Dada, tazama huu mshono. Wazungu walijua kazi. Sisi hatuwezi kitu kama hiki."

Na mimi nikanyamaza. Ndani ya boksi nilikuwa na nne zaidi, na pesa zake nilikuwa sijapewa.

Nimeandika haya kwa sababu ya ule unyamavu. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama, nikitarajia amlaumu yule mwenye nyumba pamoja nami. Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye sinia la mchele. "Chai nani alichemsha?" akauliza.

Swali hilo lilinikalia wiki nzima. Uongo ulianzia wapi? Kwenye sufuria yangu au kwenye kikadi chake?

Ngoja kwanza nieleze kazi yenyewe. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani Sofia hunikunjia waya: mduara mdogo juu, mkubwa chini, mbavu nane kati yake. Kila ubavu naufunga utepe wa pamba, nikizungusha na kukaza mpaka usiteleze hata ukiusukuma kwa ukucha. Watu wengi huharakisha hapa, na hapa ndipo shedi huharibikia, maana kitambaa hakishonwi kwenye waya, kinashonwa kwenye ule utepe. Ukilegea, kila kitu kinalegea. Kitambaa nakikata mshazari ili kivutike. Satini yangu hutoka kwenye magauni ya wasimamizi wa harusi, ninayonunua mitumba sokoni. Unabana kwa pini, unavuta, unabana tena, halafu unashona kwa mkono ubavu mmoja baada ya mwingine. Ndani unatia bitana. Mishono inafichwa kwa ukanda, na mwisho kabisa ndio unashonea matamvua. Moja hunichukua siku mbili, tatu stima ikipotea. (Ndiyo, nimeshawahi kushona kofia ya taa kwa mwanga wa mshumaa. Majirani walifurahi sana.) Na shedi haikubali kazi ya kulipua: mchana inaweza kukudanganya, lakini washa balbu ndani yake uone. Uzi uliousahau, kiraka, alama ya kidole chenye gundi, vyote vinajitokeza.

Sasa, kuhusu chai. Nilijitetea kwa mama kwamba kuzeesha kitu si kudanganya. Sokoni Voi unaweza kununua jinzi iliyochanika magotini, na hakuna anayekuona akadhani umetoka kupasua mawe. Muuzaji anajua, wewe unajua, barabara nzima inajua. Ni mchezo, na wachezaji wote wameshaambiwa sheria. Kwa hiyo rangi ya chai peke yake ni urembo tu, sawa na hina mkononi.

Tena hao watu wa Victoria wenyewe walikuwa mabingwa wa kuiga. Jumba la Bunge la London lilipoungua mwaka 1834 walijenga jingine kwa mtindo wa makanisa ya kale, na leo watalii hulipiga picha wakidhani ni la zama za mashujaa wa farasi na mikuki. Hakuna anayeliita jengo hilo uongo. Lakini angalia: majina ya walioiga yanajulikana. Charles Barry na Augustus Pugin wameandikwa kila mahali. Uigaji wao haukuwafuta, uliwapa sifa.

Hapo nikaanza kuona kilichoniuma. Kuongezewa miaka mia sikukujali. Kile kikadi kilikuwa kimeniondoa, kikamweka mtu mwingine kwenye kiti changu.

Na huku kwetu tumezoea hadithi za aina hiyo. Nenda Taveta, mlima ukionekana, utasimuliwa kwamba mpaka umepinda pale kwa sababu Victoria alimzawadia mjukuu wake wa Ujerumani Kilimanjaro siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, inafaa kusimuliwa juu ya soda baridi, na si kweli. Mpaka ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, maofisa na ramani yao. Watalii wanapenda ile ya bibi na mjukuu. Ila ukitazama vizuri, iwe hadithi au mapatano, watu wa Taveta hawamo. Mlima unatoka mkono hadi mkono juu ya vichwa vyao.

Kama wageni wanataka kitu cha enzi za Victoria, ningewapa cha kweli. Leso ilianza kuvaliwa pwani yetu yeye akiwa bado kitini. Merikani, ile pamba isiyopaushwa ambayo mimi hutumia kwa bitana, ilipata jina kwa sababu ilitoka Marekani, na misafara iliyotoka Mombasa ikipitia Taita kwenda Taveta ilibeba majora yake kununulia chakula njiani. Ilikuwa kama pesa. Shanga za matamvua nazo zilipita njia hiyohiyo. Reli pia ilipita hapa Voi malkia akiwa hai. Kwa hiyo shedi yangu ina haki ya kuitwa ya mtindo wa Victoria bila kumwazima mlowezi asiyekuwapo.

Nilirudi kwa mwenye nyumba kabla ya kushona nne za mwisho. Nilimwomba jambo moja tu, vikadi viandikwe upya: mtindo wa Victoria, zimeshonwa kwa mkono Voi. Jina langu hata asiliweke.

Hakuwa mtu mbaya. Alinikalisha, akaagiza chai (ya maziwa, nashukuru), akanisikiliza. Kisha akasema, "Dada yangu, wageni hawasafiri kutoka mbali kuja kulala na taa ya Voi. Wewe unapoteza nini? Si nimekulipa?"

Ni swali zuri, na sikulijibu vizuri siku ile. Nilimwambia kwamba mgeni akiipenda shedi hawezi kuniagiza, maana ataambiwa waliozishona walishakufa. Ni kweli, lakini hilo ni jibu la biashara, na yeye alilijibu kibiashara: akaahidi kunipa nambari za wageni watakaouliza. Nilichotaka kusema ni hiki. Mgeni anaondoka baada ya siku mbili na hadithi yake ya mlowezi, nayo haimpunguzii kitu. Yule msichana anabaki. Kila asubuhi anapangusa ushahidi wa uongo kwamba mikono kama ya mamake haiwezi kazi nyororo. Hakuna aliyemwuzia kitu, hakuna aliyemwibia shilingi, na bado ndiye anayelipa. Na anaulipia mtu anayetoka mtaa ulio mwendo mfupi kutoka kwao, aliyesimama mbele yake na boksi akanyamaza.

Je, mimi nina kosa gani hapo, ikiwa kikadi sikukiandika? Nimelipima hili kila upande. Nadhani chai haikuwa kosa siku niliyoichemsha. Iligeuka kosa pale nilipojua ilikotumika, nikapokea pesa za nne za pili. Mama anasema ninajipunguzia, kwamba mtu akikwambia "zikae kama zimerithiwa" unafaa kumuuliza zimerithiwa na nani. Huenda yeye ndiye aliye sahihi. Sijampa jibu.

Vikadi havikubadilishwa. Nne za mwisho hazikuchukuliwa, na shilingi 10,000 nilizokuwa nimezihesabia ada ya ndugu yangu hazikuja. Mama, ambaye ndiye aliyeniharibia usingizi kwa swali lake, alikasirika kuliko mtu yeyote. "Ukweli ungengoja muhula uishe," alisema, na nyumbani kwetu hatukuongea sana juma lile.

Siku ya kwenda kukataliwa nilimtafuta msichana kabla ya kupanda matatu. Nilimkuta nyuma akianika mashuka. Nikamwambia ni mimi. Hakuamini. Akanitazama kuanzia viatuni, akasema, "Wacha mchezo, dada." Nikamwonyesha kwenye simu picha ya shedi ikiwa mbavu tupu, juu ya meza ya kwetu, bakuli la ugali likionekana kando. Alishika simu muda mrefu. Hakunishukuru, aliuliza tu kwa nini siku ile sikusema.

Alikuja Voi siku ya mapumziko yake, wiki kama tatu baadaye. Nilimpa fremu na utepe. Ubavu wa kwanza aliukaza kama anayeanza kikapu, mkono mmoja ukishika na mwingine ukivuta, nikadhani ameshaweza. Nikausukuma kwa ukucha, ukateleza. Akaufumua wote, akaanza upya.